Mkono wa Kulia wa Ovaroli

Mrisho alikileta kichwa cha treni dukani kikiwa kimefunikwa kanga, kama mtu anayeleta keki ya harusi. Alipokifunua, wapita njia wa Mtaa wa Sikukuu walisimama. Kilikuwa na urefu wa mkono, bati tupu, rangi ya kijani na mstari wa njano, kina vioo, magurudumu, namba ubavuni, hata bomba la moshi wa dizeli juu. Mrisho, fundi wa masanduku ya bati kule mtaani Gerezani, hakuwahi kutengeneza kitu kizuri namna hiyo maishani mwake, na alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Candida, mwenye duka, ndiye aliyekiagiza. Alikibeba hadi nyuma, kwenye ndoo na chupa za chai, alikokuwa amekaa mumewe, akakiweka mapajani pake.

Heriel alikuwa dereva wa treni za mizigo mpaka akastaafu. Kisha kiharusi kikampitia upande wa kushoto, na tangu hapo hakuwa ametoa neno hata moja. Daktari alimpima akasema ulimi hauna kasoro, akitaka kusema atasema. Basi hakutaka. Jamani, mtu uliyegombana naye maisha yote akinyamaza hivyo, ugombane na nani? Candida alijaribu kugombana na wateja, lakini haikuwa sawa. Alimkumbuka mumewe naye yuko palepale.

Heriel alikitazama kichwa cha treni. Kisha akatazama ukuta.

"Hajakitambua," Candida alisema. "Ni kisafi mno. Kichafue."

"Weee!" Mrisho alishika kiuno. "Mama Evelyn, rangi hiyo nimeipiga mara tatu. Sanduku langu likitoka na doa moja tu, mteja analirudisha. Wewe unataka doa?"

"Nataka madoa."

"Kuishi kwingi ni kuona mengi," alisema Mrisho, akaondoka na kichwa chake kwa hasira. Kesho yake alirudi nacho. "Sawa. Ila utanielekeza wewe. Mimi treni naipanda tu, siikagui."

Candida hakuwahi kukanyaga ndani ya kichwa cha treni. Lakini ovaroli za Heriel alizifua yeye, kwa mikono yake, safari baada ya safari, na kwa ovaroli hizo aliujua uchafu wa treni nje ndani. Kola ilirudi na masizi, kwa hiyo juu kulikuwa na moshi. Wakakwangua masizi kwenye sufuria la mama lishe wa jirani, wakayachanganya na mafuta ya taa, wakayapaka kwa sponji kuanzia kwenye bomba kurudi nyuma, maana moshi hulalia nyuma. Magoti yalirudi na grisi, basi oili chafu ikaenda kwenye magurudumu. Pindo zilirudi na vumbi jekundu la bara. Wakasaga tofali. Mrisho alikwangua kutu ya bati bovu, akaigandisha kwa vanishi kwenye ngazi, akilalamika kwa kila chembe.

Kitu kimoja tu hakukijua. Mkono wa kulia wa ovaroli ulikuwa ukirudi mweusi tii, kuanzia kiwiko hadi kwenye kiganja, na wa kushoto hauna neno. Mkono huo ulimmalizia sabuni na brashi. Akimuuliza Heriel, jibu lilikuwa, "Kazi."

"Na uchafu wa mkono huo tuuweke wapi?" Mrisho aliuliza.

"Paka popote. Paka ubavuni, paka na vioo."

Jumapili, walipotoka kanisani, Candida alimketisha Heriel kwenye kiti chake dukani, na shati lake jeupe la mikono mirefu, akampakatisha kichwa cha treni. Mrisho alikuwepo, kuhakikisha halaumiwi.

Heriel alitazama. Hakugeukia ukuta.

"Nani kaiacha injini hivi?"

Sauti ilikwaruza kama bawaba ya geti. Candida alikaa juu ya ndoo.

"Kaniamuru mkeo!" alisema Mrisho.

Heriel hakumsikiliza. Aliivuta kafu ya shati kwa vidole, akaishika kiganjani, akaanza kufuta vioo, kisha namba, kwa mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kwenye kiganja, taratibu, kama mtu aliyefanya hivyo kila alfajiri kabla ya kuondoka. Shati likawa jeusi tii.

"Heriel! Shati la kanisani!" Lilimtoka kabla hajajijua.

"Si utafua," alisema Heriel, bila kuinua macho.

Candida aliutazama mkono ule. Kumbe! Miaka yote hiyo amekuwa akiilaani reli nzima, na mtu mwenyewe alikuwa akiiogesha injini kwa ovaroli.

"Nitafua," alisema, akalia mbele ya wateja bila kujificha.

Heriel alihamia upande wa pili wa injini. Candida alipangusa macho, akamvuta Mrisho pembeni.

"Masizi yamebaki?"

"Yamebaki."

"Usiyatupe."