Mgawanyo wa Zephaniah

Siku Kamati ya Mgawanyo ilipomgawa Zephaniah, mkewe Tryphena alikuwa jikoni akiponda kimanga. Mihogo ilikuwa imeiva vizuri, maharagwe pia, na mwiko ulikuwa umeanza kuwa mzito mkononi. Mumewe akaingia kula chakula cha mchana kama kawaida, akavua kofia yake ya gadi wa treni, akaketi kwenye kigoda mlangoni, pale jua linapopenya. Tryphena akaona jua linampita na kufika sakafuni bila kuzuiwa na chochote.

"Baba Susan, kivuli chako kiko wapi?"

Zephaniah akafungua kinywa, kisitoke kitu. Akanyoosha kidole upande wa Taveta na ng'ambo ya Taveta, kisha upande wa Nairobi na mbali kuliko Nairobi, halafu akaelekeza kidole kwenye sufuria, maana njaa ilikuwa haijagawanywa. Tryphena akampakulia.

Alasiri Bwana Ndambuki, mjumbe wa Kenya katika Kamati, alifika kwenye nyumba za reli hapo Voi kueleza mambo. Ulikuwa mwaka ule Jumuiya ya nchi tatu ilipovunjika, na kila kilichokuwa cha wote kikawa cha kugombaniwa: injini, mabehewa, meli za ziwani, hata saa za ukutani. Zephaniah alikuwa gadi wa treni ya Voi kwenda Moshi. Mama yake alikuwa mtu wa Mwatate, baba yake Mpare wa Same, na kazi alifundishwa Tororo. Nchi zote tatu zikasema ni mtu wao. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikakata shauri: mwili ubaki Kenya, kivuli kiende Moshi, sauti iende Tororo.

"Kila mtu amepata haki yake," alisema Bwana Ndambuki.

"Na mimi?"

"Wewe mama umepata mwili. Wenzetu waliutamani sana, nakwambia."

Tryphena alimtazama mpaka akamaliza chai yake. Hakushangaa, ukikaa karibu na reli huzoea kuona vitu vikipakiwa na kupelekwa. Alichoshuku ni kwa nini Kenya ipewe sehemu inayokula na kufuliwa nguo, wenzao wapewe zisizokula. Na alishuku Tororo zaidi. Sauti ya Zephaniah haikuwa sauti ya kuachwa ovyo. Alipokuwa akitangaza vituo, wanawake walikuwa wakiacha nguo kwenye karai kumsikiliza. Sasa sauti hiyo iko Uganda, peke yake, haina mke.

Habari zake zilimfikia kwa watu wa reli. Sauti ilikuwa kazini, ikitangaza treni bila makosa. Kivuli nacho kilikuwa stesheni ya Moshi na kivuli cha bendera mkononi, na watoto wa huko walikiamkia. Ila kuna dereva mmoja alikikuta jioni nje ya nyumba ya mjane fulani.

"Kilikuwa kimekaa tu, mama," dereva alimtuliza.

"Kivuli cha mwanamume hakikai tu," alijibu Tryphena, na siku hiyo Zephaniah alikula uji bila sukari.

Basi wakaishi hivyo. Mpaka ukafungwa, treni ikawa inaishia Taveta na kugeuka. Susan, binti yao wa pekee, akaolewa na Ndeti, kijana wa Kikamba mwenye duka la nafaka mjini, wakapata mtoto wa kike, Mumbe. Na hapo ndipo Tryphena alipoanza kukosa usingizi, kwa sababu Mumbe hakutembea.

Miguu alikuwa nayo, tena minene, ya kupendeza. Lakini ukimsimamisha chini aliikunja yote miwili juu na kuning'inia mikononi mwako. Wenzake wa umri wake walishaanza kufukuza kuku. Daktari alimpimapima, akasema mtoto hana kasoro yoyote. Ndipo Alice, dada mkubwa wa Tryphena, akashuka kutoka Mwatate na fungu la miwa kichwani, akamtazama mtoto, akatua mzigo.

"Kuna mtu hapa ana hasira moyoni," alisema. "Na hajaitasa."

Kwa Wadawida, yaani Wataita wa milimani, hasira ya mzee ikikaa moyoni humdhuru mtoto, hata kama mzee anampenda mtoto huyo kuliko roho yake. Dawa yake ni kutasa. Mzee anajaza kinywa maji ya miwa, anayapuliza nje, halafu anaitaja hasira kwa jina lake mbele ya watu, na ikishatajwa huwa imetoka. Bila maneno haiwi kutasa. Kumpulizia mtu maji bila maneno ni kumlaani.

Wote wakamgeukia Zephaniah. Zephaniah akaangalia mikono yake.

Hapo kila mtu akaanza kushuku la kwake. Wayua, mama yake Ndeti, alisema wazi dukani, wateja wakisikia, kwamba mzee huyo hakutaka Mkamba, na anamlipizia mtoto. Ndeti akaacha kuingia kwa wakwe. Alisalimia akiwa barabarani na kuondoka. Susan akamwuliza baba yake, "Baba, ni kwa sababu ya Ndeti?" Zephaniah akatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka. Lakini kutikisa kichwa si kusema, na Susan alirudi kwake analia. Wiki hiyo hiyo Wayua alituma neno: mtoto asipotembea kabla ya mavuno, Susan arudi kwa wazazi wake, aondoke na mtoto wake.

Tryphena akavaa kitambaa chake cha Jumapili, akaenda kwa Bwana Ndambuki. Kamati ilikuwa bado ipo, maana vijiko vya chai vilikuwa havijapata mwafaka.

"Nataka mume wangu aunganishwe," alisema. "Asubuhi moja tu. Aseme neno moja."

"Mama, hilo ni jambo la nchi tatu. Tanzania wakileta kivuli, Uganda watasema tumepanga njama nao. Uganda wakileta sauti, Tanzania watauliza kwa nini hawakuambiwa kwanza. Na sisi tukikubali haraka, wote watasema tuna letu."

"Mnalo?"

Bwana Ndambuki akakuna shingo. "Sijui. Lakini watasema."

Tryphena alikuwa ameshalifikiria. Hakuna atakayetoa kitu, alimweleza. Taveta, jua huchomoza upande wetu na vivuli hulalia upande wao. Zephaniah asimame mwisho wa ardhi ya Kenya, uso kwa Tanzania. Kivuli kilale ng'ambo, kisiguse Kenya, kishikane naye miguuni tu. Mganda naye aishike sauti mkononi mwake mwenyewe, asiiachilie, aisogeze tu mdomoni. Kila mtu atakuwa ameshika chake, na mtu atakuwa mzima.

"Mama, ungekuwa kwenye Kamati tangu mwanzo."

"Mngenigawa."

Wajumbe walibishana hadi mahindi yakaanza kukauka. Kila upande ulikubali kuleta sehemu yake mara tu wengine watakapokuwa wameleta zao. Mwisho wakapatana wafike wote kwa wakati mmoja, na kila mmoja akaweka sharti lake. Tanzania ilisema maneno ya mzee yasiilaumu Tanzania. Uganda ikasema yasiilaumu Uganda. Kenya, isije ikaonekana mjinga, ikasema yasiilaumu Kenya. Mchungaji wa kanisa lao alisikia habari hizo, akasema kutasa ni mambo ya kizamani, kisha akauliza gari linaondoka saa ngapi.

Alfajiri wakawa wote Taveta, pale reli inapopita chini ya mnyororo wa mpaka. Zephaniah alisimama kwenye taruma, lile gogo linalobeba reli, la mwisho la Kenya na kata ya maji ya miwa mkononi. Nyuma yake walisimama Tryphena, Alice, Susan na Mumbe mgongoni, mchungaji, na kando kidogo Ndeti na mama yake. Ng'ambo, mjumbe wa Tanzania alikuja akitembea polepole, na kivuli cha Zephaniah kikiburuzika kando yake kwenye nyasi. Tryphena alikikagua kutoka kichwani hadi miguuni. Kilikuwa kimenenepa.

Mjumbe wa Uganda alikuwa amekumbatia themosi ya bluu. Hakuwa amelala safari nzima, alilalamika, kwa sababu sauti ilikuwa ikitangaza kila kituo wanachopita, na abiria wa Kibwezi waliisikiliza mpaka wakajikuta wanashuka Mtito Andei.

Jua likachomoza. Kivuli kikajinyoosha, kikalala chini, nyayo zake zikagusa nyayo za Zephaniah kwenye mstari, zikashika. Mganda akafungua kifuniko, akasogeza themosi mdomoni mwa mzee bila kuachia mkono wa chombo.

Zephaniah akakohoa.

"Mwatate!" sauti ikasema. "Bura! Maktau!" Kisha ikatulia, ikajipanga. "Tryphena."

Tryphena alikuwa ameandaa maneno makali kuhusu Tororo. Yote yalimtoka kichwani. Alilia mbele ya wajumbe na hakufuta machozi.

"Endelea, mzee," alisema Bwana Ndambuki akitazama jua.

Zephaniah akajaza kinywa, akapuliza maji ya miwa upande wa kushoto. "Kama nina hasira kwa sababu Ndeti alimwoa Susan," alisema, "basi nisione kesho. Sina. Sijawahi kuwa nayo. Ndeti ni mwanangu."

Ndeti akainamisha kichwa. Wayua akajifunga leso upya bila haja. Mgongoni mwa Susan, Mumbe akaanza kufurukuta, akateremshwa, na mguu wake wa kulia ukashuka, ukagusa kokoto za reli, ukakaa.

"Mmoja," alisema Alice. "Umebaki mmoja. Sema, shemeji, sema haraka."

"Hasira ninayo," alisema Zephaniah. "Ni nyingine."

Wajumbe watatu wakasogea karibu.

"Mzee, kumbuka masharti," alisema Bwana Ndambuki kwa upole. "Taja bila kutaja."

"Isiwe sisi," alisema Mtanzania.

"Wala sisi," alisema Mganda.

Zephaniah akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama mjukuu wake aliyesimama kwa mguu mmoja akishikilia sketi ya mama yake. Tryphena aliujua uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyeamua. Mumewe akainua kata, akajaza kinywa mara ya pili mpaka mashavu yakavimba. Atawataja, Tryphena aliwaza, atawataja wote, na wanifunge mimi.

Lakini jua lilikuwa limepanda, na kivuli, kama vivuli vyote asubuhi, kilikuwa kinafupika. Kichwa chake kilikuwa kimeacha nyasi za mbali na kinarudi pole pole kuelekea miguuni mwa Zephaniah, yaani kuelekea Kenya. Mtanzania akakiona.

"Kinahama!" alisema. "Mnakivuta!"

"Hakuna anayekivuta, ni jua," alisema Bwana Ndambuki.

"Jua linatoka kwenu!"

"Kumbe ndiyo mpango wenu," alisema Mganda. "Wakichukua kivuli, watachukua na sauti." Akafunga themosi. Mtanzania akakanyaga kivuli kwenye kola, akakibandua, akakikunja chini ya kwapa.

Zephaniah akabaki amesimama kinywa kimejaa, hana sauti. Wote walikuwa wamemzunguka: wajumbe, mkwe, binti, mtoto. Akipuliza sasa, bila neno, atakuwa amewalaani, na aliyekuwa karibu zaidi ni Mumbe. Tryphena aliona koo lake likipanda na kushuka. Mzee alimeza yote.

"Mlikuwa mmefika!" Tryphena aliwapigia kelele. "Mlikuwa mmefika, nyinyi mbwa!"

Mchungaji alimshika mkono. Wajumbe waliandikiana kwamba mkutano umefaulu kwa nusu, wakaagana kwa heshima, kila mmoja akashika njia yake na sehemu yake. Wayua naye alipima, akaona nusu inatosha, akamwacha Susan akae.

Baadaye mpaka ulifunguliwa. Malori yakaanza kupita Taveta na sukari na sabuni, na viongozi wakapeana mikono. Tryphena alivaa kile kitambaa, akarudi kwa Bwana Ndambuki.

"Mpaka uko wazi. Nirudishieni mume wangu."

"Mama, umefunguliwa kwa bidhaa. Mumeo si bidhaa, ni mtu."

"Mlipomgawa alikuwa nini?"

Bwana Ndambuki alisema swali hilo ni zuri, na Kamati italijadili vijiko vikiisha.

Sasa Zephaniah amestaafu. Kila asubuhi hukaa mlangoni na jua humpita. Tryphena humwekea kata ya maji ya miwa kando ya kigoda, endapo sauti itarudi, na jioni huimwaga. Mumbe yuko darasa la kwanza. Huenda shule kwa mguu mmoja, akiruka kando ya reli, wa pili ameukunja juu, na ni mwepesi kweli. Wenzake wakikimbia huwafikia. Babu yake humsindikiza kwa macho mpaka apotee kwenye kona ya stesheni, mashavu yamevimba kidogo, kama mtu ambaye bado ana kitu kinywani.