Teksi Haiuzwi

Fundi cherehani alitoka mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akakuta boneti ya teksi ya marehemu mumewe iko wazi na wanaume wawili wameinama ndani kama wanaochungulia kisima. Mmoja alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Wa pili alikuwa fundi magari wa pale kona, aliyebandikwa jina la Nyundo kwa kuwa kila ugonjwa wa gari aliuanza kwa kuugonga.

"Washa," shemeji akaamuru.

Nyundo akawasha. Gari likatetemeka pale uani kama mtu mwenye homa, likapandisha sauti, likashusha, likapandisha tena, kisha likazimika lenyewe.

"Injini imekufa," Nyundo akakata hukumu, huku akijifuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. "Hili ni la chuma chakavu."

"Umesikia mwenyewe, shemeji," kaka wa marehemu akasema kwa sauti ya upole wa kuazima. "Jumamosi naleta mnunuzi. Tuliuze mapema, lisije likageuka banda la kuku."

"Gari haliuzwi."

"Utalifanyia nini sasa?"

"Nitaliendesha. Leseni ninayo, na stendi naijua."

Shemeji akacheka mpaka mabega yakamtikisika. "Udereva wa teksi? Shemeji yangu, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wewe wako ni cherehani."

"Wewe ubawa wangu umeuona lini?"

Kicheko kikakatika. Wakaondoka bila kufunga boneti.

Fundi cherehani alibaki ameikodolea macho ile injini. Imekufa vipi? Miezi yote ya ugonjwa ni yeye aliyemwendesha mumewe kwenda hospitali na kurudi. Kwenye makutano, gari likisimama, lilitikisika hadi vioo vikalia. Lakini likishika barabara lilikwenda laini, likapanda mlima wa hospitali bila kulalamika. Maiti haipandi mlima. Na mumewe, akiwa ameegemea mlango kwa uchovu, alimwambia siku moja: "Linavuta hewa mahali. Injini hunywa petroli na hewa kwa kipimo. Hewa ya wizi ikipenya kwa mlango wa nyuma, kipimo kinavurugika. Nikipona nitautafuta huo mlango."

Hakupona. Basi atautafuta mkewe.

Asubuhi yake mama mkwe alimkuta amejifunga kanga kiunoni, ameshika ile chupa ya kunyunyizia maji anayoitumia kupigia pasi. Mama mkwe alikuwa mtu wa mwili, magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Tangu mkwewe aingie nyumba ile, hajawahi kusimama upande wake mbele ya wanawe.

"Unalipigia pasi gari?"

"Natafuta tundu, mama. Hewa inaingia isipotakiwa. Naomba ukae kwenye usukani, ulikanyagie mafuta kidogo lisizimike."

"Mimi? Tangu nizaliwe sijakaa upande huo."

"Nakuomba, mama."

Bibi yule akalitazama gari la mwanawe kwa muda. Kisha akajikokota, akajipenyeza nyuma ya usukani, akaushika kwa mikono miwili kana kwamba unataka kumtoroka.

Gari likawaka, likaanza homa yake. Fundi cherehani akainama. Nozeli, vijibomba vya kurushia petroli ndani ya injini, zilikuwa zimejipanga chini ya bomba lao la mafuta, kila moja imechomekwa kwenye tundu lake la injini, na shingoni imevaa pete ya mpira ya kuzuia hewa. Akanyunyiza maji kidogo kwenye shina la ya kwanza. Wapi. Akaijaribu iliyofuata, nayo kimya. Alipofika ya mwisho, iliyojificha karibu na ukuta wa ndani, mngurumo ukabadilika ghafla. Gari likatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Punde maji yaliyoziba tundu yakafyonzwa, na mtetemeko ukarudi.

"Umelifanya nini?" mama mkwe akapiga kelele kutoka ndani. "Lilikuwa limetulia!"

"Nimeupata mlango, mama!"

Kwenye duka la vipuri muuzaji alimtazama juu mpaka chini. "Pete za nozeli? Mwambie mzee aje mwenyewe, wanawake mnachanganya saizi."

"Mzee yuko kaburini," akajibu. "Ukitaka kumsubiri, msubiri. Mimi nipe pete." Akamwekea kwenye kaunta kipande cha kitambaa chenye namba ya aina ya gari, aliyoiandika kwa chaki ya kushonea. Muuzaji akaitazama ile chaki, akafungua droo.

Jioni, injini ilipopoa, akaanza kazi. Aliichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akaliwasha gari hadi likazimika kwa kiu ili presha ishuke, kisha akaifungua betri. Mama mkwe alizima jiko na kumfukuza jirani aliyepita na sigara. Skrubu zikalegea kwa shida. Bomba lilipong'oka na nozeli zake, akaona: ile pete ya mwisho ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Nyingine nazo zilikuwa hoi. Akabadilisha zote, za chini za kuzuia hewa na za juu za kuzuia mafuta, akashindilia kila kitu mahali pake.

Walipowasha, harufu ya petroli ikajaa ua mzima. Juu ya nozeli moja mafuta yalikuwa yanachuruzika.

"Zima, mama! Zima!"

Pete ya juu ilikuwa imekatika alipoishindilia. Akakaa chini kwenye vumbi, mikono imechubuka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamgombeza marehemu kwa sauti: "Umeniachia mafumbo! Si ungenielekeza yote?"

Mama mkwe hakumbembeleza. "Ukishona kombo, huwa unafanyaje?"

"Nafumua."

"Haya, fumua."

Kesho yake akarudi dukani. Muuzaji safari hii aliigeuzageuza ile pete iliyokatika. "Uliipaka oili kabla ya kuiingiza?"

"Hapana."

"Ipake oili safi, uisukume taratibu, bila kupinda. Ikiingia kavu inakatika." Akaitazama mikono yake iliyochubuka. "Nawe ndiye umezifungua mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

Alizipaka oili zote, moja baada ya nyingine, akazisukuma kwa subira ya mtu anayetia zipu kwenye gauni la harusi. Akakaza. Akapapasa kila kiungo kwa kidole: pakavu. Mama mkwe akazungusha ufunguo. Injini ikawaka, ikashika sauti moja ya chini, ikakaa hapohapo. Mama mkwe akasubiri mtetemeko, haukuja. Akaweka kiganja kwenye dashibodi kama anayempima mgonjwa joto, machozi yakimtoka, ila mdomo ukisema, "Usinitazame, ni moshi," ingawa moshi haukuwepo.

Jumamosi shemeji akatimiza ahadi. Alikuja na mnunuzi na Nyundo, wakalikuta gari linaunguruma kwa utulivu, fundi cherehani yuko kwenye usukani na mama mkwe kando yake kiti cha mbele, mkoba mapajani.

Mnunuzi akatega sikio. "Hili ndilo mlisema limekufa?"

Nyundo akawa na shughuli ya ghafla na kamba za viatu. Lakini shemeji uso ukamng'aa. "Vizuri sana! Sasa litapata bei ya maana. Hongera, shemeji. Shuka basi, tuzungumze."

"Sishuki."

Shemeji akaenda kusimama katikati ya lango, mikono kiunoni. "Mimi ndiye mkubwa wa familia hii. Gari halitoki bila ruhusa yangu."

"Mkubwa wa nani?" mama mkwe akatoa kichwa dirishani. "Niliyekuzaa nimekaa hapa."

"Mama! Unamtetea mtu baki dhidi ya mwanao?"

"Huyo mtu baki ndiye aliyemgeuza ndugu yako kitandani alipokuwa hawezi kujigeuza. Wewe wakati huo ulikuwa unatafuta mnunuzi. Toka njiani, jua linapanda."

Fundi cherehani hakupiga honi. Akatia gia, akaliachia gari litambae kuelekea langoni. Shemeji akasimama. Gari likatambaa. Bampa lilipokaribia magoti yake, fundi cherehani akimtazama usoni bila kupepesa, mwanamume akasogea pembeni, akajikuta anashikilia geti ili lisikwaruze rangi.

Stendini madereva waliacha soga. "Dada, umepotea?" mmoja akauliza, wenzake wakacheka.

"Sijapotea. Nani wa mwisho kwenye foleni?"

Wakampa mgongo. Akaitazama foleni, akamtambua wa mwisho, akapaki nyuma yake, akaacha injini ikiunguruma muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wenye masikio wakasikia. Mmoja akasogea, akainama kwenye boneti, akaondoka akitikisa kichwa. Zamu yao ilipofika, kuna dereva aliyejaribu kuchomeka gari mbele yao. Fundi cherehani akateremka, akasimama mbele ya bampa la dereva huyo mpaka akarudi nyuma.

Abiria akaja na mizigo yake, akafungua mlango wa mbele.

"Panda nyuma, baba," mama mkwe akamwambia. "Hapa pana mwenyewe."