Kivuli cha Nondo

Nguruwe jike alizaa alfajiri, juu ya nyasi kavu. Mtunzaji alipoingia bandani na ndoo ya pumba alikuta watoto wanane wameng'ang'ania chuchu, na wa tisa yuko pembeni anatetemeka. Akamnyanyua, akamsogeza kwa mama yake. Kitinda mimba huyo alifika nusu ya njia, akagonga pua kwenye kivuli, akarudi alikotoka.

Kivuli chenyewe kilikuwa cha nondo za chuma. Nguruwe alikuja nacho siku alipookolewa kutoka shamba kubwa la ng'ambo ya barabara, alikokaa miaka ndani ya kizimba asichoweza hata kugeuka. Kizimba kilibaki kule, kivuli kikapanda gari pamoja naye. Makao haya ya wanyama yana punda asiyetaka kuona kofia na bata wanaoogopa maji, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Ila nguruwe aliendelea kula akitazama upande mmoja tu, na akitaka kulala alijibwaga kama gunia, maana kivuli kilimbana mbavu.

Sasa kilikuwa kinambania na mtoto. Mtunzaji alijaribu kumnywesha maziwa kwa chupa, akayatema yote. Alitoka, akaingia, akahamisha ndoo bila sababu, akairudisha palepale. Maziwa ya kwanza ya mama hayasubiri. Huyu asiponyonya leo, atazikwa nyuma ya bomba la maji, na mtunzaji alishachoka kuzika.

Alipopiga magoti kukipapasa kivuli ndipo alipoliona lile tone. Kila nondo ya tatu, pale inapokutana na chuma cha juu, palikuwa na tone la kuchomelea lililopinda kushoto. Analijua. Liko kwenye dirisha la chumba cha mama yake mzazi, liko na kwenye geti la makao haya, ambalo humchania magauni. Fundi mwenye mkono huo ni mmoja tu, alivunjika kiwiko utotoni akitoka kuiba mapera.

Akampigia simu mdogo wake.

Fundi alifika jioni na grenda yake, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Akakipima kivuli kwa shubiri.

"Hiki changu, dada."

"Najua ni chako."

"Wenye shamba walisema wanataka vizimba vyembamba. Mimi nilipima walivyosema."

"Sijakuita tugombane. Mtoto hajanyonya."

Fundi akachomeka waya, akaanza kukata. Cheche ziliruka, vipande vya kivuli vikaanguka sakafuni kwa kishindo. Nguruwe akasimama, akageuka. Akauona ukuta alioupa mgongo tangu aje, akaunusa wote, pembe hadi pembe. Kisha akalala polepole, akichagua pa kuweka ubavu, na kitinda mimba akanyonya mpaka masikio yakatikisika. Mtunzaji alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye pumba.

Asubuhi kivuli kilikuwa kimerudi. Alipokigusa, kidole kilitoka na rangi ya kijivu.

"Rangi bado mbichi," alimwambia ndugu yake kwenye simu.

"Hivyo ni vizimba vya jana. Nilivipaka kabla sijaja kwako."

"Na leo?"

"Leo naenda kuvifunga shambani. Wanangu nao wananyonya hukohuko, dada."

Mtunzaji aliegemea mlango. Hata mlango wa banda hili alikuwa ameutengeneza mdogo wake, bure, kwa masalia ya oda ya shamba.

"Basi uje jioni," alisema.

Huja kila jioni. Vipande vilivyokatwa hurundikwa nje. Mnunuzi wa vyuma chakavu alivipandisha kwenye mizani, mshale haukusogea, akasema yeye hanunui kivuli. Watoto wakisikia grenda hukimbilia chuchu, na kitinda mimba, anayeshinda mchana kutwa akizunguka banda kwa njaa, hunyonya kwa ulafi kuliko wote.

Jana alishiba akalalia buti la fundi. Fundi akakaa juu ya ndoo, hajisogezi, mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Mwishowe akauchomoa mguu taratibu, akamwachia buti, akaelekea getini na soksi moja.

"Unalo jingine la kazi?" dada yake alimuuliza.

"Ninalo. Ngoja niwahi kulala. Kule shambani wameagiza vizimba vidogo, vya watoto."

Dada akamfungulia geti, akilishika gauni lake lisichanike.