Mpinzani wa Mwisho wa Songo

"Shefu wa avenyu, mkubwa wa barabara yetu, amekimbia na mtumbwi wa watu, weye bado unalaumu gavana," alisema Mama Kaneza. "Anza na mwizi wa karibu."

"Gavana ndiye alimuweka," alijibu jirani yake Baba Asha, fundi cherehani, huku akifunga mashine yake kwenye baiskeli. "Na gavana iko mutu wa Kinshasa."

"Kinshasa, Kinshasa. Kinshasa ndiyo ilijenga nyumba juu ya mufereji wetu?"

Miaka mingi walibishana hivyo kila jioni kwenye ukuta uliotenga nyua zao, na majirani walileta vigoda kuwasikiliza. Vita vilipokaribia, majirani walivuka mpaka kwenda Burundi, na watoto wa Mama Kaneza wakaenda nao. Yeye aliapa kubaki kulinda nyumba. Jana, peke yake jikoni, alimsema waziri kwa sauti, kisha akanyamaza akingoja kupingwa. Hakuna aliyempinga.

"Minye naenda, Mama Kaneza. Ubaki na haki yako."

Baba Asha akaanza kusukuma baiskeli. Barabara yote ya mtaa wao wa Songo ilikuwa tupu. Nyumba angeweza kuilinda, alifikiri Mama Kaneza, lakini maneno yake angemwambia nani?

Alijifunga kitenge, akafunga mlango kwa kufuli, akamfikia kabla ya kona na kushika baiskeli kwa nyuma.

"Na nyumba?" aliuliza Baba Asha.

"Sukuma. Huyo gavana wako sijamalizana naye."