Bomba la Kurudisha

Kaka yangu alilala chali chini ya kichomeo cha kwanza cha tanuri la kiwanda, spana mkononi, akilegeza nati ya bomba la kurudisha mafuta ya ziada tangini, iliyokuwa ikivuja. Mafuta mazito ya tanuri hayapiti bombani mpaka yachemshwe. Yakikugusa, ngozi inabanduka kama ganda la kiazi.

"Umefunga koki zote mbili?" nilimwuliza msimamizi wa zamu, mume wa dada yetu.

"Ya kupeleka mafuta nimefunga."

"Na ya kurudisha?"

"Hiyo ya nini, shemeji? Umeshaona mgeni ameaga, akageuka kukupiga kofi?"

Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka. Vichomeo viwili vilirudisha mafuta kwa bomba moja, na cha pili kilikuwa kinanguruma, kikimwaga ziada yake humo humo. Nati ikitoka tu, mafuta yale yangegeuza njia na kumshukia kaka.

Nikaiendea koki ya kurudisha. Mpini wake ulikuwa umekatika, haifungiki.

"Zima pampu," nikasema.

"Tanuri lipoe, nifukuzwe kazi? Dada yako atakula nini, maneno yako? Mwache amalize."

Nilimwita kaka, lakini ngurumo ikaimeza sauti yangu. Nikakimbilia swichi ya pampu. Shemeji akanikaba shingo kwa nyuma.

Nilimtia kiwiko mbavuni. Akaniuma sikio, nikahisi damu ya moto shingoni. Nikajipinda, nikamshika nywele nikambamiza uso kwenye bomba, mara ya kwanza, mara ya pili, pua ikavunjika kama kijiti. Bado hakuniachia.

"Mimi ni shemeji yako, wewe mwendawazimu," alikoroma.

"Yule kule chini ni wa tumbo moja nami."

Hapo nati ikatoka.

Kaka hakupiga kelele mara moja. Mafuta meusi yalimfunika mkono na nusu ya uso, ndipo ukatoka mlio ambao sikujua kama mtu anao. Shemeji aliusikia pia. Mikono yake ikalegea. Nikampiga teke la tumbo, nikaizima pampu.

Jioni dada alisimama wodini kati ya vitanda viwili, kitambaa chenye maji mkononi. Mumewe, uso umefungwa bandeji, akamnyooshea mkono.

"Mke wangu, ya kupeleka niliifunga."

Dada akampa mgongo, akainama kwa kaka, akaanza kumfuta taratibu lile shavu lililobaki.