Kandambili za Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, huja kazini na kandambili. Cherehani zetu zimekaa bega kwa bega, ila yeye amepanga chumba kimoja nyuma ya duka tunaloshonea, mimi nimejenga mbali, kwenye kiwanja kikubwa. Nafika nimebadilisha basi, viatu vumbi tupu. Yeye anaingia nywele bado zina maji ya kuoga, eti, "Umeamkaje, wifi?" Mchana anakwenda kwake kujilaza. Siku moja roho iliniuma hadi nikashona mfuko wa shati mgongoni.

Jumapili nikamwalika kwangu. Alifika kandambili mkononi, zimekatika njiani. Nilifurahi kimoyomoyo.

Akatembea pekupeku kwenye majani ya uani, akachungulia chumba baada ya chumba, akanyamaza. Yeye, asiyefunga mdomo hata akiwa ameuma pini za kushonea.

"Kumbe ndiyo maana unakubali kusota hivyo," akasema hatimaye, bila kunitazama.

Wivu ule niliutambua, maana mimi nao tunajuana vizuri. Nikamwongezea chai.

Kesho yake nilisimama kwenye basi njia nzima, natabasamu kama bibi harusi.