Koti la Bwana Saa Moja

Jumamosi moja saa tisa alasiri, mke wa msoma habari alisukuma mashati ya mumewe upande mmoja wa kabati, akaingiza kigoda, akaketi, akaisimamisha simu ndani ya kiatu ili isianguke, kisha akavuta mlango ukafungika. Sebuleni mumewe alikuwa anapitia gazeti ambalo asubuhi alikwisha kulisoma hewani, kichwa baada ya kichwa. Alisikia mlango wa kabati ukilia. Akafunua ukurasa.

Shauri la kabati lilitoka kwa binti yao, ambaye alipanga chumba mtaa wa pili na kila Jumapili alikuja kula nao. Alisema nguo humeza mwangwi, na kwamba wengi wenye podikasti walianzia humo humo, katikati ya makoti. Ndani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba, na mama yake hakuwa mwembamba. Kwa hiyo alirekodi shavu likiwa limegusana na koti la bluu la sufu, ambalo mumewe alilivaa kazini kwa miaka ishirini na sita kwa sababu studio hupozwa kama friji kwa ajili ya mitambo.

Mtaa mzima ulimwita mumewe Bwana Saa Moja. Alisoma taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, na sauti yake ilikuwa nzito, iliyonyooka, ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Akiagiza mkate dukani, watu waligeuka. Alilijua hilo, ndiyo maana aliagiza mkate kwa sauti kubwa kuliko mkate ulivyohitaji.

Mkewe alipiga pasi kwenye duka la dobi karibu na kituo cha mabasi. Huko hakuna aliyegeuka kumsikiliza, maana pasi ya mvuke ina kelele zake, na nyumbani msemaji alikuwa mmoja. Podikasti yake ilihusu pasi. Alieleza kwa nini kola huanzwa upande wa nyuma, na namna ya kujua, kwa kutazama mikunjo ya suruali, kwamba mwenyewe siku hizi anashinda amekaa. Alieleza habari za bwana mmoja aliyeleta suti ya harusi, akarudi baada ya miaka mitatu, akaomba ipigwe pasi tena na kurudishwa kwenye henga. Aliongea taratibu, nusu saa, akaaga. Kufikia mwezi wa nne waliomsikiliza walikuwa wengi kuliko waliowahi habari za saa moja, na walimwita Mama Pasi.

Bwana Saa Moja aliona wivu. Tusizungushe maneno, ulikuwa wivu hasa, ule wa kukaba roho, na alitembea nao kila mahali kama mtu mwenye jino bovu.

"Hebu nielewesheni," alisema Jumapili mezani. "Hii podikasti si redio tu?"

"Si redio, baba," binti alisema. "Redio ina saa yake, ukichelewa imekupita. Hii inakusubiri. Mtu anaiwasha akiosha vyombo, akipanda ngazi, akikaa foleni hospitali. Akiitwa anaizima. Akirudi anaikuta pale pale."

"Inamsubiri?"

"Inamsubiri."

"Habari haimsubiri mtu."

"Ndiyo hivyo, baba," binti alisema, akavuta chumvi.

"Na mbona mama yako anaongea chini chini, kama anaficha kitu?"

"Yuko sikioni mwa mtu mmoja. Nani anapiga kelele sikioni mwa mtu?"

Mama mtu alikuwa anawapakulia. Lolote alilotaka kusema, alikuwa na mahali pengine pa kulisemea.

Wiki hiyo Bwana Saa Moja alianzisha podikasti yake mwenyewe. Alikataa katakata kuingia kabatini, akarekodi sebuleni, amesimama, na tai shingoni. Alianza na "Mabibi na mabwana, popote pale mlipo." Alipata wasikilizaji watatu. Wa kwanza alikuwa binti yake, wa pili shemeji yake, ambaye aliishia kwenye salamu, na wa tatu mtu asiyemfahamu, aliyeandika kuuliza inazimwaje.

Kisha likaja la kinyozi. Bwana Saa Moja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akimwambia kinyozi maoni yake juu ya barabara mpya, akaona kwenye kioo kwamba kinyozi anatabasamu mahali pasipostahili tabasamu. Alikuwa na vidude vya kusikilizia masikioni.

"Samahani, mzee," kinyozi alisema, akachomoa kimoja. "Nilikuwa kwa Mama Pasi. Leo anaeleza vitu ambavyo watu husahau mifukoni."

"Huyo ni mke wangu."

Kinyozi alizima mashine. "Kweli? Basi wewe una bahati, mzee. Sisi tunasubiri Jumamosi kwa Jumamosi, mwenzetu unayapata motomoto kila siku."

Bwana Saa Moja alikaa na kichwa chake nusu kwa nusu hadi mashine ikawashwa tena.

Jumatatu iliyofuata, hewani, alimaliza vichwa vya habari akavuta pumzi kabla ya habari ya kwanza, iliyohusu mgao wa maji. Kwenye pumzi ile, kola ya kushoto ya koti ikasema, "Usilikimbize shati, mwenzangu. Shati haliendi popote." Ilikuwa sauti ya mkewe. Nyuma ya kioo fundi mitambo alikunja uso kwa sababu sauti ilikuwa ndogo, akaipandisha, akamwashiria msoma habari asogeze kola karibu na kipaza sauti.

"Sufu hiyo," fundi alimwambia baadaye wakinywa chai. "Pamba haishiki kitu, na nailoni ndiyo kabisa. Lakini sufu ikikaa na mtu anayezungumza, inanyonya. Nilikuwa na kofia ya namna hiyo, nikampa kaka yangu."

"Ni mke wangu anayesema."

"Si najua? Shemeji namsikiliza kila siku nikipanda ngazi. Kwetu lifti ilikufa."

Mkuu wa kituo alikuwa dada mwenye umri sawa na binti wa Bwana Saa Moja, aliyemwita mzee wangu kwa adabu na kumwamuru kwa adabu hiyo hiyo. Alisema simu zimepigwa asubuhi nzima na hakuna hata mmoja aliyeulizia maji. "Mzee wangu, punguza habari kidogo. Liachie koti nafasi." Kufikia mwisho wa mwezi, habari zilichukua dakika tano na koti dakika kumi. Katika dakika hizo kumi Bwana Saa Moja alikaa kimya, kifua mbele, akiiegemeza kola kwenye kipaza sauti. Watu walimsimamisha njiani wakampongeza. "Hongera kwa koti," walisema, wakampa mkono.

Mtu anaweza kushindwa na vijana, au na mashine, akajifariji. Yeye alishindwa na nguo yake mwenyewe. Alilifua koti kwa sabuni ya unga, maji mawili, akalianika kibarazani; likaendelea kuzungumza likiwa linachuruzika, na majirani wakashuka na mabeseni yao wakafulia chini yake ili wasipitwe. Mmoja alimwomba asiligeuze upande wa pili hadi limalize kisa.

Ndipo alipoamua kumnyima mkewe koti. Aliliacha kazini, kwenye kabati la chuma lenye kufuli, akawa anarudi nyumbani na fulana. Alijiambia kwamba bila koti mama huyu atakuwa hana wa kusema naye. Mkewe hakulalamika. Alirekodi akiwa ameegemea koti la mvua, la nailoni, na mambo yakamwendea vizuri kama kawaida.

Koti ndilo lililopungukiwa. Siku ya nne likanyamaza hewani kwa nusu dakika nzima, likakohoa. Kisha likaendelea kwa sauti ile ile ya mkewe, ila changa zaidi, ya mwanamke wa miaka ishirini na kitu. "Mume wangu," lilisema, "funga vifungo, nje kuna umande." Ukafuata mlio wa mlango.

"Ya juu yameisha," fundi alisema. "Sasa yanatoka ya chini."

Kwa miaka ishirini na sita, Bwana Saa Moja alivaa koti lile saa kumi na moja na nusu alfajiri, amesimama mbele ya mlango, ameipa mgongo nyumba yake. Mkewe alizungumza na mgongo ule. Hapakuwa na wakati mwingine, kwa kuwa mume akirudi alikuwa amechoka kwa kusema na hakutaka kusikia neno. Koti lilikuwa katikati yao na lilishika kila kitu. Mume wangu, mtoto jana ametamka neno. Mume wangu, mama amezidiwa, nakwenda kumwona, chakula nimekifunika. Mume wangu, wameniuliza kama naweza kusimamia duka, nikawajibu nitakuuliza kwanza. Kila moja liliishia kwenye mlango.

Wasikilizaji hawakuwahi kupenda kitu namna ile. Watu waliacha mabomba yakimwaga maji, na waliofika kazini walikaa nje ya lango hadi koti linyamaze. Bwana Saa Moja naye aliyasikia kwa mara ya kwanza, kwenye hedifoni, pamoja na mji mzima. Alichofikiri ni kwamba mkewe alikuwa na sauti nzuri tangu ujana na hakuwahi kumwambia. Roho ikamuuma upya.

Jumanne koti lilisema, "Mume wangu, huyu mtoto hajacheza tumboni tangu jana mchana. Naogopa. Nisindikize hospitali." Mlango ukalia.

Binti yao alikuwa na miaka saba wakati huo, na hakupata mdogo. Mkuu wa kituo aliingia studio kwa kunyata akaweka karatasi mezani. Iliandikwa: Wanauliza ulimjibu nini. Bwana Saa Moja aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akasoma utabiri wa hali ya hewa. Kungekuwa na mawingu, na manyunyu kwenye maeneo ya miinuko.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa anapiga pasi mkono wa shati. Siku hiyo dobi alifungua redio dukani, na wote walisikia wakiwa kazini.

"Leo umenisikia," mke alisema.

"Nimekusikia. Ulikuwa chini kidogo, ikabidi fundi akupandishe."

"Nilikuwa nalia."

"Aa, ndiyo maana," alisema Bwana Saa Moja, akaridhika, akaenda kuvua viatu.

Mke alimaliza mkono ule, akageuza shati, akaanza wa pili.

Kufikia Ijumaa koti lilikuwa tupu. Mkuu wa kituo alilikung'uta mwenyewe mbele ya kipaza sauti, zikatoka salamu mbili za heri na chafya. "Mzee wangu," alisema, "lirudishe nyumbani likajae. Watu wanasubiri." Bwana Saa Moja alirudi nalo mkononi akamwambia mkewe, bila kinyongo cha kuonekana, kwamba kabati ni lake, koti aliegemee tu anavyotaka. Mkewe alilipokea akalitundika. Jumamosi hiyo hakurekodi. Jumapili binti alikuja kula, akaondoka na masanduku mawili ya nguo za mama yake, akapita nayo sebuleni, na baba yake akainua miguu ili yapite.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, Bwana Saa Moja alivaa koti akasimama mbele ya mlango.

"Mume wangu," sauti ikasema, na safari hii mwenyewe alikuwepo, nyuma yake, amevaa viatu vya kutokea, begi dogo likiwa sakafuni mbele ya miguu yake. "Kabla hujatoka, nina neno."

Bwana Saa Moja alitazama saa. "Refu?"

"Si refu sana."

"Basi njoo huku mbele, ulisemee kwenye kola. Nitalisikia huko huko studio, nikiwa nimetulia." Akakumbuka jambo. "Lakini usiwe umewaambia wale wasikilizaji wako kwanza."

"Sijawaambia. Wewe ndiye wa kwanza."

Hilo lilimfurahisha kweli, na uso wake ukaonyesha. Mkewe alilisogeza begi hadi kizingitini, akaja mbele, akaishika kola kwa mikono miwili kama anainyoosha, akaiambia. Alisema anahamia kwa binti asubuhi hii. Alisema tangu siku ile ya hospitali, ambayo aliondoka peke yake na kurudi peke yake, alikuwa akingoja kuulizwa ilikuwaje, na kwamba hata sasa, mume akimtazama na kumwambia abaki, begi atalifungua. Akasema funguo ameziweka juu ya friji. Bwana Saa Moja aliinua kidevu ili ampishe, akawa anapitia vichwa vya habari moyoni, na sufu ikanyonya yote.

"Tayari?" aliuliza kola iliposhushwa.

"Tayari."

Alifunga vifungo vyote hadi cha juu, ili njiani lisimwagike neno, akaliruka begi, akawahi basi.